Daktari akilipwa, je, ataridhika?

Mzazi anayembeba mtoto mwenye homa alfajiri huwa na swali moja: je, nitampata daktari? Mwaka 2024, kuanzia Machi hadi Mei 8, jibu katika hospitali nyingi za umma nchini Kenya lilikuwa la. Mgomo wa madaktari ulidumu siku 56.

Kiini kimojawapo cha mzozo huo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017, uliofikiwa baada ya mgomo mwingine wa siku 100, uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwalipa Sh70,000. Ilikubali kuuheshimu mkataba huo Desemba 2024.

Je, pesa pekee zinatosha? Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu 200 hivi. Waligundua kuwa ujira duni, usimamizi mbaya na mazingira mabovu humfanya mfanyakazi anung'unike. Hata hivyo, kuyarekebisha hayo huondoa manung'uniko tu. Kinachomridhisha hasa ni kazi yenyewe: kufaulu, kutambuliwa na kuaminiwa.

Hilo halimaanishi mshahara ungoje. Anayedaiwa kodi ya nyumba hashibi sifa. Lakini hata muuguzi aliyelipwa kwa wakati, akiachiwa wodi nzima usiku bila glavu wala dawa, hurudi nyumbani akijua kuna mtoto ambaye hakumfikia. Uchungu huo hauponywi na mshahara, na ndio huwafanya wengine kuacha kazi.

Wewe mgonjwa au mzazi, hili linakuhusu vipi? Kwanza, uchovu wa mhudumu si kibali cha kukutusi, ukidhulumiwa, lalamika. Pili, hospitali nyingi za umma husimamiwa na kaunti. Wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, usiulize tu jengo jipya litafunguliwa lini. Uliza zamu ya usiku ina wauguzi wangapi, na mishahara ya mwezi uliopita ililipwa lini.

Tatu, ukihudumiwa vyema, mtafute msimamizi umtajie jina la aliyekuhudumia. Haitakugharimu chochote, na huenda likawa neno jema la pekee atakalosikia mhudumu huyo wiki nzima.