Masomo haisimame na siku moja ya zahabu

Wazazi, ndugu zetu wachimbaji,

Kujenga nyumba ya masomo si kazi kubwa. Siku shimo inatoa, kila mtu ana roho nzuri: huyu analeta mabati, yule miti, mwingine misumari, na wamama wanabeba maji na udongo. Kazi kubwa inaanza miezi mitatu nyuma, wakati maji imejaza shimo, PDG amehama, na mwalimu yuko mbele ya watoto bila kulipwa. Ni pale masomo mingi ya wazazi inakufa.

Hapa Epulu tunajua kuanza upya. Tarehe 24 Juni 2012 watu wa Morgan walishambulia: waliua watu, wakachoma nyumba, wakaua na okapi 14. Watu walikimbia, kisha wakarudi. Nguvu hatukosi. Tunakosa mpango wa kila mwezi.

Wengine wanauliza: kwa nini tulipe kazi ya Leta? Wana haki. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni bure, na tangu Septemba 2019 Leta ilianza kuitekeleza. Lakini bure hiyo inamfikia mwalimu aliyeandikwa kwa DINACOPE, zamani SECOPE. Mwalimu mpya, yule tunaita N.U., anaweza kungojea miaka bila mshahara. Na masomo isiyo na arrêté haiko hata kwenye mstari. Tutaendelea kudai Leta. Lakini mtoto wa miaka saba hatangojea: atashuka ndani ya shimo.

Miaka ya 1990, wakati mshahara wa walimu ulikuwa si kitu, ni wazazi wa Kongo walishikilia masomo kwa prime, mwezi kwa mwezi. Na jirani zetu wa Kenya, chini ya wakoloni, hawakungojea: mwaka 1939 walifungua chuo cha walimu kule Githunguri kwa michango yao, marika yakishindana kutoa. Kilisimama mpaka serikali ya wakoloni ilipokifunga mwaka 1952.

Basi sisi wa chama tunasema hivi. Kwanza, mchango wa mwalimu ufuate kalenda kama likelemba, usifuate bahati ya shimo. Siku shimo inatoa, tuweke ya siku inakauka. Pili, masomo ijengwe kijijini, si kwenye machimbo. Tuko ndani ya Reserve ya Okapi, iliyoanzishwa 1992, na sheria inakataza kuchimba ndani yake. Machimbo inaweza kufungwa asubuhi moja. Masomo ya watoto isifungwe nayo. Tatu, daftari ya feza isomwe mbele ya wazazi wote, na wamama washike sanduku. Nne, dosye ya arrêté ianze siku ya kwanza, si siku tumechoka. Na watoto wa Bambuti wakae benchi moja na wetu.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni kama mkono haukatiki. Kwa hiyo, kila mwisho wa mwezi, mbele ya kugawa gramu, tuulizane swali moja tu: mwalimu wa watoto amelipwa?