Kiungo Kisichokunjwa Hukazana

Watu wengi hudhani kwamba mkono uliovunjika, plasta ikiisha kuondolewa, lazima uzidi kupumzishwa. Mgonjwa huufunga shingoni kwa kitambaa, na mama yake humkataza kuukunjua. Miezi ikipita, mfupa umeunga vizuri, lakini kiwiko hakinyoki tena. Kupumzika kwa namna hiyo si dawa, ni hasara.

Tufikiri kwanza jinsi viungo vilivyo. Viungo vya fuvu la mtu mzima havichezi, maana kazi yao ni kulinda ubongo. Mifupa ya uti wa mgongo hucheza kidogo kidogo, lakini yote pamoja hutuwezesha kuinama. Shingoni, mfupa wa kwanza huzunguka juu ya jino la mfupa wa pili. Ndivyo tunavyogeuza kichwa huku na huku. Kiwiko hukunja na kukunjua kama mlango katika bawaba zake. Bega na nyonga ni namna nyingine: kichwa cha mfupa hukaa ndani ya shimo kama mchi katika kinu, nacho huzunguka pande zote. Shimo la nyonga lina kina. La bega halina kina sana, kwa hiyo bega huteguka upesi zaidi.

Katika viungo hivi vinavyocheza sana, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye utelezi. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake katika maji mazito yaliyomo ndani ya kiungo, na mwendo ndio unaoyasukuma. Kiungo kikikaa kimya, gegedu hudhoofika, na mfuko unaokizunguka hukazana.

Basi, mganga akikuambia, "Sasa kunja, nyosha," tii. Hata kabla plasta haijaondolewa, chezesha vidole na bega kama ulivyoonyeshwa. Fanya mwenyewe, polepole, mara nyingi kila siku. Usikubali mtu auvute mkono kwa nguvu. Kiwiko kinachovutwa hivyo huweza kuvimba na kukazana zaidi.

Lakini kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, pamoja na homa, ni jambo jingine. Usikikande wala kukichezesha. Usaha ukiwamo, huweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu. Mlete mgonjwa siku ile ile, hasa akiwa mtoto.

Ndugu mgonjwa, maumivu kidogo ya leo ni afadhali kuliko mkono usioweza kufikisha chakula kinywani.