Redyusa haiongezi presha, hela iweke kwenye bomba kuu

Vijana wenzangu wa parachichi na mboga, mvua zimeshakata na simu yangu imeanza wimbo wake wa kiangazi: "Bwana shamba, maji hayafiki juu ya shamba. Nifunge redyusa ya ngapi ili presha ipande?" Jibu langu ni lile lile, na najua mafundi wengine hawalipendi: redyusa haiongezi presha. Ukiiweka mahali pasipofaa, inakula hata ile kidogo uliyokuwa nayo.

Naelewa imani hii inatoka wapi. Ukiminya mdomo wa mpira wa kumwagilia, maji yanaruka mbali, si ndiyo? Lakini hapo umeminya mwisho kabisa. Maji yanayopita yamepungua, kwa hiyo hayasuguani sana na bomba huko nyuma, na presha iliyobaki inayarusha kwa kasi. Sasa chukua mminyo huo uupeleke mita 500 juu, kwenye chanzo. Kasi yote itaishia kusugua kuta za bomba jembamba njia nzima, na shambani yatafika maji ya kunawa uso.

Hapa Matembwe hata hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Tuna mtambo mdogo wa umeme wa maji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia. Bomba linaloshusha maji kwenye mashine ni nene. Waliojenga walitaka maji yafike na nguvu zake, ndiyo maana hawakuanza kubana juu. Sisi na viroli vyetu vya milimita 32 tunafanya kinyume, halafu tunalalamikia mto.

Tupige hesabu kidogo. Mwinuko wa mita 10 ni sawa na bar 1. Tuseme chanzo kiko mita 25 juu ya shamba, umbali wa mita 500, na unataka nusu lita kwa sekunde, yaani ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 40. Ukilaza bomba la plastiki la milimita 32 njia nzima, msuguano unakula karibu mita 14. Unabaki na 11, na vinyunyizi vidogo vingi vya parachichi vinataka 15 hadi 20. Vitatema mate tu. Ukilaza la milimita 50, msuguano unakula mita moja na nusu hivi, unabaki na zaidi ya 23. Ndiyo, la 50 bei yake inazidi mara mbili, na hapo ndipo kijana anaponiambia, "Mkuu, hela hiyo sina."

Sawa. Basi hapo ndipo redyusa ina kazi yake. Laza mita 300 za mwanzo kwa bomba la 50, funga redyusa, malizia mita 200 kwa la 32. Hasara inakuwa kama mita 6 na nusu, shambani unabaki na 18. Umeokoa hela na vinyunyizi vinazunguka. Mtu atauliza, si naweza kuanza na jembamba nikamalizia na nene, jumla si ile ile? Kwa hesabu ya msuguano ni ile ile, kweli. Ila kwenye vilima vyetu, bomba likianza jembamba sehemu ya juu yenye mteremko mdogo, presha ndani inaweza kushuka hadi likaanza kuvuta hewa kwenye maungio. Na mwakani ukitaka kuongeza tawi la ekari moja, huna maji ya kugawa, umeshajifunga juu.

Kuna imani nyingine mbaya zaidi: kwamba redyusa inapunguza presha, kwa hiyo ukiiweka unaweza kununua bomba la bei rahisi chini yake. Ni kweli maji yakiwa yanatembea. Usiku mkifunga koki zote maji yamesimama, na redyusa haizuii chochote. Mwinuko wa mita 80 unakuwa bar 8 pale chini, na bomba lililoandikwa PN6 ni la bar 6. Asubuhi unakuta bwawa kwenye viazi vya jirani. Dawa yake ni tangi la kuvunja presha katikati ya mteremko, au bomba la PN10 sehemu ya chini. Soma maandishi ubavuni mwa bomba kabla hujalipa.

Wenye pampu za petroli, neno moja: upande wa kuvuta usipunguze kamwe. Kama mdomo wa pampu ni inchi 2, mpira wa kuvuta uwe inchi 2 au zaidi. Ukisikia pampu inalia kama imemeza kokoto, ndiyo hiyo.

Mkienda Makambako dukani, kumbukeni bomba la plastiki linapimwa kwa milimita za nje na la chuma kwa inchi. Milimita 32 inaendana na inchi 1, 40 na inchi moja na robo, 50 na moja na nusu, 63 na inchi 2. Nimeona mtu amerudi na fitingi za laki na ushee ambazo hazikai popote, akaishia kuchoma bomba kwenye moto, kulichomeka jembamba ndani ya nene na kufunga mpira wa tyubu. Hiyo si redyusa. Na gundi ya PVC haishiki bomba jeusi, msidanganyane.

Ninalolipigia kelele zaidi ni vikundi. Watu kumi mnachanga, mnalaza bomba moja, halafu kila mtu anatoboa tawi la saizi anayotaka. Wa juu wanachukua inchi moja kila mmoja, wa mwisho anachungulia koki kavu na mchango wake ni sawa na wa wengine. Hapo mimi nashauri redyusa iwekwe kwa makusudi: walio karibu na chanzo wapewe tawi la milimita 20 lenye valvu, walio mbali wapewe la 25 au 32, na iandikwe kwenye katiba ya kikundi pamoja na kibali cha maji cha Bonde la Rufiji. Wa juu watanuna wiki mbili.

Ukitaka tupange bomba lako, njoo na vitu vitatu: ndoo inajaa kwa sekunde ngapi pale chanzo, mwinuko, na urefu wa njia. Njoo kabla hujakata roli.