Kicheko Darasani Si Elimu

Jamani, tuambiane ukweli. Chuoni tulikuwa na mhadhiri mmoja tuliyempenda kupindukia. Alifundisha pointa za lugha ya C kwa hadithi za makanga wa matatu na abiria waliopotea njia. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Tulicheka, tukatoka tukiapa kwamba tumeelewa.

Jioni nikakaa mbele ya kompyuta kuandika programu fupi yenye pointa. Ikaanguka. Nikarekebisha, ikaanguka tena. Hadithi ya makanga niliikumbuka yote. Pointa sikuwa nayo hata moja.

Usidhani ni mimi tu niliyekuwa mzito. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha kisa cha mwigizaji Michael Fox. Walimpachika jina la "Dkt. Myron L. Fox", akahutubia wataalamu wa tiba ya akili kuhusu somo la kihisabati asilolijua. Alijaza mizaha na maneno yanayojipinga. Wasikilizaji wakamsifu!

Mwaka 2019 ukaja utafiti wa Harvard kuhusu wanafunzi wa fizikia. Waliosikiliza mhadhara laini wa mhadhiri hodari walihisi wamejifunza zaidi kuliko waliohangaika kutatua maswali wenyewe darasani. Mtihani ukasema kinyume.

Sababu ni rahisi. Mhadhiri fundi wa maneno anakufikiria kila kitu, wewe unabaki kutikisa kichwa. Hakuna aliyejua kuogelea kwa kukaa ufuoni akimtazama mwogeleaji.

Najua utaniambia: je, yule anayesoma madokezo yaliyochakaa huku darasa zima linakoroma? Huyo simtetei. Mzaha unaweza kukuamsha, lakini ukishaamka upewe kazi. Mhadhiri aongee dakika kumi na tano, anyamaze, atoe tatizo, tukosee mbele yake, aturekebishe.

Tena zile fomu za kumpima mhadhiri mwisho wa muhula zinapima furaha yetu tu. Mimi ningempima kwa jambo moja: wiki mbili baada ya somo, mwanafunzi anaweza kuandika programu ikafanya kazi bila kunakili ya jirani?

Kuna wazazi wanaouza ng'ombe walipe karo. Hawanunui tiketi ya vichekesho.

Kama nimekosea, nipingeni. Lakini kwanza niandikieni hiyo programu ya pointa.