Makelele Yanayotoka Kentucky

Jioni moja mke wa sajenti, jirani yetu wa kota, alinisimamisha penye bomba la maji akiwa na swali. Mwanawe wa miaka 16 husikiliza katika simu muziki wenye mayowe kama ya mtu achinjwaye, na watu wamemwambia kwamba ni muziki wa shetani. "Mwalimu," alisema (huniita hivyo ijapokuwa niliiacha chaki zamani), "niivunje simu ile, au niiache?" Nikamwomba mtoto aniazime simu hiyo, nikakaa nayo usiku kucha.

Muziki huo huitwa bleki metali, yaani metali nyeusi, jina lililotokana na santuri ya bendi ya Kiingereza, Venom, iliyotolewa mwaka 1982. Hofu ya majirani haikuzuka hewani. Huko Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya vijana wa muziki huo walichoma makanisa ya mbao, na la Fantoft mjini Bergen liliteketea mwaka 1992. Mwaka uliofuata mmoja wao alimwua mwenzake, akafungwa. Hayo ni kweli, wala sitayapaka asali.

Lakini kijana wetu alikuwa akisikiliza kitu kingine: bendi ya Kimarekani iitwayo Panopticon, na albamu yake ya mwaka 2012 yenye jina la jimbo la Kentucky. Nasema bendi kwa mazoea tu. Ni mtu mmoja, Austin Lunn, ambaye hupiga mwenyewe ngoma na magitaa, na mayowe ni yake pia. Jina Panopticon ni la gereza la duara alilolibuni Mwingereza Jeremy Bentham katika karne ya 18: mlinzi aliye katika mnara wa kati aweza kumwona kila mfungwa, na mfungwa asijue ni saa ngapi anatazamwa. Wasomaji wetu wa magereza watalielewa hilo upesi kuliko mimi.

Muziki wenyewe umejengwa hivi. Ngoma hupigwa kwa kasi hata sikio likaacha kuhesabu midundo. Uzi wa gitaa hukwaruzwa juu na chini bila kupumzika, sauti ikawa kama mvua juu ya bati. Maneno hayasikiki, sharti uyasome yalipoandikwa. Mara ya kwanza niliona ni fujo tupu. Mara ya tatu nikasikia kwamba chini ya fujo ile kuna wimbo unaokwenda polepole, wenye huzuni. Kisha makelele hukatika ghafula, ikaingia fidla, na banjo, ala ambayo asili yake ni ala za nyuzi za Afrika Magharibi zilizovuka bahari pamoja na watumwa.

Na habari inayosimuliwa ni ya makaa ya mawe. Mwezi Februari 1931, katika wilaya ya Harlan, wenye migodi walipunguza mishahara kwa asilimia 10. Wachimbaji waliojiunga na chama cha wafanyakazi wakafukuzwa kazini, na katika nyumba za kampuni pia. Tarehe 5 Mei risasi zililia karibu na mji wa Evarts, wakafa wanne. Gavana akaleta askari wa akiba wa jimbo. Wachimbaji wengi walitumaini kwamba askari hao wangewalinda. Walichokiona ni mgomo wao kuvunjwa.

Katika siku hizo watu wa mkuu wa polisi wa wilaya waliingia nyumbani kwa Florence Reece, wakimtafuta mumewe aliyekuwa mtu wa chama. Hawakumpata. Walipopekua na kuondoka, mama yule alichana karatasi ya kalenda ukutani, akaandika wimbo unaomtaka kila mtu aseme yuko upande gani. Lunn ameuimba wimbo huo bila mayowe, kama wanavyouimba watu wa milima ile. Ameimba pia wimbo wa Sarah Ogan Gunning, binti wa mchimbaji, na katikati ameweka sauti za wachimbaji wakisimulia maisha yao.

Nilirudisha simu Jumamosi. Sajenti mwenyewe alikuwapo, amevua viatu, mtoto mchanga mapajani. Nikamfasiria wimbo wa mama Reece. Akaomba usikilizwe tena. Kisha akaniuliza: wale waliopekua nyumba, walilipwa na nani?

Nikamjibu, "Afande, wilayani Harlan miaka ile manaibu wengi wa mkuu wa polisi walikuwa walinzi wa migodi. Walivaa beji za serikali, na mshahara walipewa na makampuni."

Alinyamaza muda mrefu. Mkewe akauliza, sasa mwalimu, ni wa shetani au si wa shetani? Nikamwambia kwamba katika albamu hii sikumkuta. Sajenti akamkabidhi mwanawe simu, akamwagiza kwamba ikifika saa tatu usiku avae vile vya masikioni, kwa maana mtoto analala.