Ukienda msituni na baiskeli mara ya kwanza, nenda kama mgeni

MAMA mmoja ambaye ni mgonjwa wangu, mfanyakazi wa benki mwenye umri wa miaka 51, aliniuliza swali lililonikosesha jibu. Nilikuwa nimempima shinikizo la damu kwa mara ya tatu na kumwambia, kama nilivyowaambia wengine wengi, kwamba vidonge pekee havitoshi. Sharti aushughulishe mwili.

Nilimshauri akodishe baiskeli katika Msitu wa Karura siku za Jumamosi. Alinitazama, kisha akakitazama kitambi changu.

"Daktari, wewe mwenyewe umewahi kwenda huko na baiskeli?"

Sikuwa nimewahi. Nina miaka 47 na mara ya mwisho kupanda baiskeli kwa dhati nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikibeba mitungi ya maji kwa ile baiskeli nzito ya marehemu baba. Hata hivyo, aibu ilinishika, na Jumamosi iliyofuata nikaazima baiskeli ya milimani ya shemeji yangu na kwenda.

Msomaji mpendwa, nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimeumia mkono wa kulia, na kwa majuma 10 sikuweza kumshona mgonjwa jeraha. Nakusimulia haya si ili uogope, bali uende, lakini usiende kama mimi.

Kwa wasioufahamu, Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ulio ndani ya jiji la Nairobi, kati ya barabara za Limuru na Kiambu. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu mwaka 1932. Nilikuwa ningali chuoni Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake waliposhambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti huko, wakipinga ardhi ya msitu huo kunyakuliwa. Siku hizo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeingia Karura kupunga upepo.

Leo msitu huo umezungushiwa ua wa umeme na familia nzima hutembea humo. Kuna maporomoko ya maji, kuna mapango, na kuna njia nyingi za udongo zinazokatana kama nyuzi za utando wa buibui. Baadhi ya njia ni za watembeao kwa miguu tu na nyingine zinaruhusu baiskeli. Penye makutano kuna nguzo zenye nambari.

Nilipofika langoni sikuuliza ramani. Nilijiambia, mimi mzaliwa wa milimani, nitapoteaje katika msitu ulio katikati ya jiji? Kwa dakika 20 hivi nilikuwa kama mtoto. Kisha wakanipita vijana watatu waliovalia suruali za kubana, nami nikawafuata.

Nilikuwa nikihema kiasi kwamba singeweza kutamka sentensi moja nikaimaliza. Kama angekuwa mgonjwa wangu, ningemwambia apumzike. Lakini mzee anayepitwa na vijana hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Tulifika penye mteremko wenye mizizi na kokoto. Wao waliuteremka wakicheka. Mimi nilipoona kasi imezidi, nilibana breki ya mkono wa kushoto kwa nguvu, kwa sababu katika baiskeli ya baba mkono huo ndio uliokuwa ukishika gurudumu la nyuma.

Sikujua kwamba baiskeli hazifanani. Nyingi za zile zilizotengenezewa soko la Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Za Marekani na za nchi nyingi za bara la Ulaya huwa kinyume, breki ya mbele ikiwa kushoto. Mitumba ya baiskeli inayoletwa kwetu huwa na za kila namna. Gurudumu la mbele lilisimama ghafla, nami nikaendelea na safari peke yangu juu ya usukani.

Niliangukia kiganja. Vijana wale walirudi, wakaninyanyua kwa heshima na kuniuliza, "Mzee, uko sawa?" Nikajibu niko sawa kabisa. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili nilijiambia mwenyewe kwa siku tisa zilizofuata, nikimeza vidonge vya maumivu na kufunga bendeji, eti mkono umetenguka kidogo tu.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana jambo hili huwapata wengi, si waendeshaji baiskeli pekee. Katika kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kuna mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi uitwao skafoidi. Mtu anapoangukia kiganja kilichonyooshwa, mfupa huo unaweza kupata ufa.

Ubaya wake ni kwamba damu huuingia mfupa huu hasa kutoka upande mmoja. Ufa ukikata njia hiyo ya damu, kipande cha upande wa pili kinaweza kufa, na mtu akabaki na maumivu na udhaifu wa mkono kwa maisha yake yote. Isitoshe, ufa huo mara nyingine hauonekani katika eksrei ya siku za mwanzo.

Dalili yake ni rahisi kuitafuta. Inua kidole gumba kama unayemwashiria dereva wa matatu kwamba mambo ni sawa. Utaona kishimo kidogo chini yake, kwenye kifundo. Ikiwa umeanguka na ukibonyeza hapo unasikia maumivu, nenda hospitalini, hata kama mkono haujavimba sana. Eksrei ikionyesha hakuna kitu lakini maumivu yapo, daktari atakufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14 hivi, au kukupeleka kwenye kipimo cha ndani zaidi.

Haya yote nimewafundisha wauguzi wangu kwa miaka. Siku ya tisa, mmoja wao alinishika mkono bila kuniuliza, akanibonyeza kwenye kishimo hicho, nami nikaruka. Alinitazama tu. Alasiri hiyo nilikuwa kwenye foleni ya eksrei kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mfupa ulipona, namshukuru Mungu. Lakini majuma yale ya plasta yalinipa nafasi ya kutafakari ni nini hasa kilichonivunja. Si mteremko, na wala si baiskeli ya shemeji. Kilichonivunja ni kukataa kuwa mgeni.

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nililishika jembe siku ya kwanza. Na katika zahanati nawaona wenzangu wengi wa umri huu, wanaume hasa, wakija na mitulinga iliyovunjika na magoti yaliyochubuka baada ya kurudia mchezo walioucha miaka 30 iliyopita. Ukiwauliza ilikuwaje, aghalabu utasikia kulikuwa na kijana fulani mbele yao.

Ndiyo maana rai yangu ni hii: ziara ya kwanza katika njia za baiskeli iwe ya kuzijua njia, si ya kupima mbio. Zunguka polepole. Penye mteremko usioujua, shuka, sukuma baiskeli kwa miguu, utazame mizizi iko wapi na kona inaelekea wapi. Ukirudi mara ya pili, utakuwa mwenyeji.

Kabla ya kuondoka langoni, tazama ramani na uulize ni njia zipi baiskeli zinaruhusiwa. Bonyeza breki moja moja uone ipi inashika gurudumu lipi. Rekebisha kiti hadi mguu ukaribie kunyooka kanyagio linapokuwa chini kabisa, la sivyo magoti yatakulaumu jioni.

Ukiwa njiani, kila ufikapo kwenye makutano isome nambari yake. Ukipata ajali na kupiga simu, nambari hiyo ndiyo anwani yako. "Niko msituni karibu na mti mkubwa" haimsaidii mlinzi kukufikia. Wapishe watembeao kwa miguu, hasa wenye watoto, na usiende peke yako siku ya kwanza.

Kwenye mteremko, punguza mwendo kabla ya kufika, si ukiwa katikati yake. Bana breki zote mbili kwa upole, sogeza makalio nyuma, na utazame pale unapotaka kwenda. Ukikodolea macho jiwe, utalipanda jiwe.

Kuhusu helmeti, sina mjadala na mtu. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walijumlisha matokeo ya tafiti 40 zilizohusu waendeshaji baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa. Waligundua kwamba waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa karibu asilimia 70, wa kupata majeraha mabaya ya kichwa. Mimi nilikuwa nimeivaa ya shemeji, na ilipasuka upande mmoja. Helmeti iliyopasuka hutupwa. Haigundishwi kwa gundi.

Kwa hivyo naona popote baiskeli zinapokodishwa, iwe msituni au kwenye mbuga kama Hell's Gate kule Naivasha, pasiwe na baiskeli inayotoka bila helmeti inayomtosha mtu. Na anayeikodisha amuulize mgeni maswali mawili tu: umewahi kuendesha njia za udongo, na unajua breki yako ya mbele ni ipi? Maswali hayo hayagharimu hata shilingi moja.

Mtu akianguka na kugonga kichwa, kisha akatapika tena na tena, akachanganyikiwa, akalemewa na usingizi au maumivu ya kichwa yakazidi, apelekwe hospitalini mara moja, hata kama alisimama na kusema yuko sawa. Kumbuka mimi pia nilisema niko sawa. Anayelalamika shingo au mgongo asinyanyuliwe ovyo hadi wenye ujuzi wafike. Kidonda kilichoingia udongo kisafishwe kwa maji mengi na mwenyewe aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Wapo wasomaji watakaosema, basi heri nikae nyumbani nitazame kandanda. La hasha! Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne ana shinikizo la damu lililo juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kiti cha ofisini, siti ya matatu na sofa ya sebuleni vinatuua wengi zaidi kuliko mteremko wowote wa Karura. Ila huua kimyakimya, bila kokoto wala plasta.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Na wewe unayetoka Mombasa au Malindi usishangae ukihema mapema. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili wako haujaizoea hewa yetu.

Ikiwa una shinikizo la damu, kisukari au umewahi kusikia maumivu ya kifua, mwone daktari wako kwanza. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari abebe kitu chenye sukari mfukoni, kwani mazoezi hushusha sukari mwilini. Maumivu ya kifua yakikuanza njiani, simama na uombe msaada. Usimalizie kilima.

Plasta ilipotolewa, yule mama wa benki alikuja kupimwa. Aliniuliza mkono umefanyaje, nami nikamweleza yote. Alicheka hadi akatoa leso.

Kisha akanieleza kwamba yeye ameshakwenda mara sita. Mara ya kwanza alisukuma baiskeli kwa miguu kwenye kila mteremko, watoto wadogo wakimpita. "Sikuona aibu, Daktari," akasema. "Mimi sikuwa nimemfuata mtu."

Shinikizo lake la damu bado halijashuka hadi ninapotaka, na vidonge bado anameza. Lakini limeanza kushuka, na ngazi za benki anazipanda bila kusimama.

Jumamosi ijayo nitarudi Karura nikiwa na ramani, na mteremko ule nitaushuka kwa miguu.