Mchagua Jembe si Mkulima

Kitu kipya kina nguvu kubwa juu ya moyo wa mwanadamu. Wahenga walilijua jambo hili wakasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtoto hutupa mwanasesere wa jana kwa ajili ya wa leo. Na mtu mzima, ajionaye kuwa ana akili kuliko mtoto, hufanya vivyo hivyo, ila yeye hutumia fedha nyingi zaidi. Sina nia ya kulaumu upya wenyewe. Daraja jipya ni bora kuliko daraja bovu, na dawa mpya huponya ugonjwa ulioishinda dawa ya kale. Nataka kuupinga uongo mmoja tu, nao ni huu: kwamba mtu akibadili chombo chake, amebadilika yeye mwenyewe.

Mfano wangu ni gitaa. Katika Garsen, Minjila, Ngao, Tarasaa na Hola, vijana wapiga gitaa si haba. Hupiga makanisani, harusini na katika mikutano ya hadhara. Miongoni mwao limezuka neno ambalo nimelisikia mara nyingi hata nimechoka nalo: "Laiti ningekuwa na mashine mpya, mngenisikia!"

Mashine waitakayo ni kisanduku cha kidijitali kinachoiga amplifaya. Zamani mpiga gitaa la umeme alihitaji amplifaya yenye vali za kioo, nzito kama gunia la mchele, na spika yake ndani ya kasha la mbao. Kisanduku hiki huipokea sauti ya nyuzi, huigeuza kuwa tarakimu makumi ya maelfu kwa kila sekunde, huzikokotoa tarakimu hizo kwa namna ya amplifaya iliyochaguliwa, kisha huzirudisha kuwa sauti. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya jamii hii mwaka 1995. Line 6 ya Marekani ikatoa POD mwaka 1998. Fractal Audio, ya Marekani pia, ikatoa Axe-Fx mwaka 2006. Na mwaka 2011 Kemper ya Ujerumani ikatoa mashine iwezayo kuwekwa mbele ya amplifaya halisi, ikaisikiliza na kuchukua nakala ya sauti yake. Tangu hapo, kila baada ya miaka michache hutokea mpya, na ile ya jana huitwa nzee.

Nisimdhulumu mtu wala chombo. Mashine hizi zina manufaa ya kweli. Hubebeka kwa mkono mmoja juu ya bodaboda. Humwezesha mwanafunzi kujizoeza usiku kwa vipokea sauti vya masikioni bila kumwamsha jirani. Na kila toleo, tukisema haki, limeukaribia zaidi ukweli: mpya hutii mguso wa kidole, ikanong'ona mpigaji anaponong'ona na kukemea anapokemea. Asemaye kwamba hakuna tofauti baina ya mashine ya mwaka 1998 na ya leo hasemi kweli.

Lakini swali letu si kama mashine imekuwa bora. Swali ni kama mpigaji amekuwa bora. Tazama, msomaji, njia ambayo sauti hupita. Huanza kidoleni, ikaingia katika uzi, ikapita katika gitaa, ikafika katika kisanduku, na mwisho ikatoka katika spika. Kisanduku ni kituo cha nne katika safari ya vituo vitano. Kidole kikiwa kizito, uzi ukiwa na kutu, gitaa likiwa halikulinganishwa sauti zake, basi kisanduku kitafanya nini? Kitaiga kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Kioo kipya hakimpi mtu uso mpya.

Tazama na kituo cha mwisho. Ustadi wa mashine hizi ni kuiga hata kasha la spika na kipaza sauti kilichowekwa mbele yake. Kwa hiyo zahitaji spika iwezayo kutoa sauti zote, nzito na nyembamba. Nasi katika mikutano yetu mara nyingi twatumia spika za pembe zilizofungwa juu ya nguzo. Spika hizo ziliundwa zifikishe maneno ya msemaji mbali. Sauti za chini kabisa na za juu kabisa hupotea humo. Mtu apelekaye mashine ya thamani katika spika ya pembe ni sawa na amwagaye asali mtoni akitumaini kwamba maji ya Kipini yatakuwa matamu.

Sasa tuizungumze fedha, maana hapa ndipo mchezo unapokoma kuwa mchezo. Mashine kubwa za namna hii huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 1,500, yaani zaidi ya shilingi 190,000, kabla ya nauli na ushuru. Seti moja ya nyuzi mpya haifiki sehemu moja ya mia ya bei hiyo. Kijana wa delta ya Tana huzipata wapi fedha hizo? Ama auze mifugo ya baba yake, ama achangishe waumini, ama akope kwa simu, deni ambalo riba yake hailali. Na siku anapomaliza kulipa, ikiwa atamaliza, toleo jingine limekwisha kutangazwa na moyo wake umekwisha kuhama. Muuzaji hamwuzii sauti. Amwuzia majuto juu ya kile alichonacho. Hiyo ni biashara isiyo na mwisho, kwa kuwa majuto hayana toleo la mwisho.

Lakini kuna hasara iliyo kubwa kuliko ya fedha, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Jiulize, msomaji: ndani ya kisanduku hicho mna sauti za nani? Mna amplifaya za Leo Fender wa California. Mna amplifaya za Jim Marshall wa London. Mna nyingine za watu wa huko huko. Ni ghala la sauti za wengine, nawe umepewa ufunguo kwa kodi.

Na hao wengine walizipataje? Kisa cha Marshall chafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi. Alikuwa mwalimu wa kupiga ngoma, akafungua duka Hanwell, magharibi mwa London. Amplifaya za Kimarekani zilikuwa ghali Uingereza. Baina ya mwaka 1962 na 1963 yeye na mafundi wake waliichukua Bassman ya Fender kuwa kiolezo, wakaunda yao wenyewe kwa vali na spika zilizopatikana kwao. Kwa kuwa viungo vilikuwa vingine, sauti nayo ikawa nyingine. Na vijana wa Kiingereza walipoifungulia hadi ikakwaruza, mkwaruzo huo, ambao fundi wa redio angaliuita kasoro, ukawa fahari ya muziki wa dunia nzima. Basi sauti ambayo leo wauziwa kwa maelfu haikuzaliwa na watu waliongoja mashine bora kutoka ng'ambo. Ilizaliwa na watu waliotumia kilichopo.

Je, sisi hatuna kilichopo? Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa mlangoni pa uhuru, kamati ya wanamuziki ilitafuta tuni ya wimbo wa taifa. Iliipata kwa Wapokomo wa mto Tana, katika wimbo ambao mama humbembelezea mtoto wake apate kulala. Na Mzee Meza Galana, Mpokomo, ndiye aliyeileta. Tuni hiyo haikutoka katika mashine. Ilitoka kinywani mwa mama aliyekuwa na mtoto mgongoni, na leo taifa zima husimama wima linaposikia.

Zingatia na hili. Wapokomo walikuwa na ngoma kuu, ngadji, iliyoheshimiwa mno na wazee. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa serikali ya kikoloni waliitwaa, na mwaka 1908 ikaingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wenyewe wameiomba irudi. Kwa zaidi ya miaka mia moja ngoma hiyo haikulia kando ya Tana. Pima ajabu hii, msomaji: sauti ya Tana iliwekwa kimya ghalani London, na sauti ya London yauzwa Garsen ndani ya kisanduku. Ile ya kwanza tulinyang'anywa. Hii ya pili twainunua kwa hiari, na kwa ajili yake twaacha hata zile tulizobakiziwa. Aliyenyang'anywa huonewa huruma. Lakini aachaye mali yake mwenyewe njiani amlaumu nani?

Najua nitajibiwa: "Mwalimu, wataka turudi kwenye kayamba na kuzima umeme?" La, hasha. Fundi Konde, mwana wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza nchini Kenya kurekodi santuri kwa gitaa la umeme. Chombo kilikuwa kipya na cha kigeni. Lakini alikishika akiwa na nyimbo zake na Kiswahili chake, chombo kikamtumikia. Naye Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alikuwa na gitaa moja kavu tu, lisilo na umeme wowote, Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952. Kwa kidole gumba na cha shahada alipiga "Masanga", na mpaka leo wapigaji wa mabara mengine huketi kujifunza vidole hivyo viwili vilikwendaje. Mmoja alitumia umeme, mwingine hakutumia. Wote wawili walikuwa na neno la kusema kabla ya kupata chombo cha kulisemea. Hiyo ndiyo tofauti yao na wetu anayetafuta chombo kwanza, akitumaini neno litakuja baadaye.

Na hata mashine hizi mpya, ambazo nimezisema vikali, zina mlango mmoja ambao wengi hawaufungui. Nimekwisha kueleza kwamba baadhi yake zaweza kuchukua nakala ya amplifaya halisi. Siku hizi iko hata programu ya bure ya kompyuta, Neural Amp Modeler, ifanyayo kazi hiyo. Basi kwa nini nakala iwe ya Hanwell daima? Iko amplifaya kuukuu iliyoungwaungwa na fundi wa redio wa mjini kwetu, yenye mlio ambao haupatikani popote duniani. Na simu iliyo mfukoni mwako yaweza kurekodi wimbo wa bibi yako wa Kipokomo, wimbo wa mchungaji wa Kiorma nyuma ya ng'ombe wake, au kayamba la Kigiriama, kabla wenye nyimbo hawajazikwa nazo. Kijana afanyaye hivyo, mashine yake ikiwa ya mwaka huu au ya mwaka 1998, ameongeza kitu duniani. Kijana ambaye kwa miaka kumi amebadili mashine tano na wimbo hana, ameongeza risiti tu.

Kwa hiyo nakushauri mambo matatu, msomaji, nayo hayahusu gitaa peke yake. Kwanza, kabla hujasema chombo kimekushinda, hakikisha kwamba wewe hukukishinda kwa uvivu: badili nyuzi, linganisha sauti, zoeza vidole kila siku. Pili, tafuta neno lako kwa watu wako, maana mcheza kwao hutunzwa. Tatu, ukiisha kufanya hayo, na chombo kikawa kweli chembamba kwa kazi yako, na fedha ni yako wala si ya deni, nunua kipya bila haya. Wakati huo utajua wanunua nini.

Lakini asiyelima hutembea madukani akishika mipini, akisifu huu na kuukosoa ule, hali mvua inanyesha na shamba lake ni pori. Jirani yake mwenye jembe kuukuu amekwisha kupanda.